Usinunue Ubao Mpya kwa Sababu ya Doa la Maka

Ingia madarasa kadhaa ya Ndhiwa, Kaunti ya Homa Bay, na utakuta ubao mweupe uliobeba kitu ambacho hakikukusudiwa kubaki: mlinganyo wa hesabu wa muhula uliopita, jina la mgeni wa siku ya wazazi, ratiba ya mtihani uliokwisha kufanywa na kusahihishwa. Mtu alichukua maka isiyofaa. Kesho yake dasta ikapita juu ya maandishi bila kuyagusa, maji ya sabuni yakashindwa, ndipo mmoja akaleta stilwaya ya kusugulia sufuria. Hasara huanzia hapo. Wino wa maka ya kudumu hutoka kwa shilingi chache, ila uso wa ubao ukishakwaruzwa hautengenezeki tena, na shule italazimika kutafuta pesa za ubao mwingine.

Pesa hizo ni za watoto, kwa hiyo hesabu yake inastahili kupigwa waziwazi. Bei ninazotaja ni za rejareja na za kukadiria, za maduka ya kawaida kati ya Ndhiwa mjini, Rodi Kopany na Homa Bay. Duka moja litaongeza shilingi kumi, la pili litapunguza, na walio upande wa Migori wanaonunulia Awendo au Rongo watakuta tofauti ndogo. Ubao mweupe wa futi nne kwa nne wenye fremu ya alumini huuzwa kati ya shilingi 3,500 na 5,500. Ule wa futi nane kwa nne, unaotosha darasa lililojaa, huanzia kama 7,000 na kupanda hadi 12,000, kabla hujalipia kuubeba juu ya matatu. Sasa linganisha na mgao wa serikali. Mtoto wa shule ya msingi ya umma hutengewa shilingi 1,420 kwa mwaka. Ubao mmoja wa shilingi 8,500 unameza mgao wa watoto sita, mwaka mzima. Katika sekondari msingi, iliyoanza Januari 2023, mgao uliotangazwa ni shilingi 15,042 kwa kila mwanafunzi, na hata huko ubao huo unakula zaidi ya nusu ya fungu la mmoja. Mwalimu mkuu anayengoja fedha hizo zifike, tena zikiwa zimechelewa, hana nafasi ya kuutupa ubao kwa sababu ya doa.

Kuna jambo moja la kuelewa kabla ya kwenda dukani, nalo litakuokolea pesa kuliko ushauri wowote wa jirani. Maka ya ubao na maka ya kudumu zote mbili zina rangi, zina gundi ya kuishika rangi, na zina kimiminika kinachokauka upesi, ambacho mara nyingi ni alkoholi. Maka ya ubao hutiwa pia kitu chenye utelezi, na utelezi huo ndio unaouzuia wino kung'ang'ania uso. Ukikauka, hubaki vumbi jembamba la rangi ambalo dasta hulichukua. Maka ya kudumu haina utelezi huo. Gundi yake hukauka ikashika. Maji hayaiyeyushi gundi hiyo, na sabuni haiyeyushi pia. Alkoholi huiyeyusha, kwa kuwa ndiyo iliyoubeba wino kutoka kwenye kalamu tangu mwanzo. Kwa hiyo unachokitafuta dukani ni alkoholi safi kwa bei nafuu. Kitu chenye chembe za kusugua hakikufai, hata kikipewa bure.

Baada ya hapo jua ubao wako ni wa aina gani. Ulio rahisi kabisa ni wa melamini, yaani karatasi ngumu yenye ngozi ya plastiki iliyobandikwa juu ya ubao wa kushindiliwa. Unaofuata ni wa bati lililopakwa rangi nyeupe. Ulio bora ni wa chuma kilichofunikwa kauri, ile ile ya vikombe na sahani za bati za zamani, na huo haupatikani kila duka. Vioo huonekana zaidi katika ofisi zenye fedha. Halafu kuna kazi za mafundi wetu: kipande cha fomaika nyeupe kilichogundishwa juu ya plaiwudi, au ukuta uliopigwa rangi ya mafuta nyeupe ukaitwa ubao. Weka sumaku. Ikishika, una chuma au bati. Isiposhika, una melamini, fomaika, kioo au ukuta.

Kisha simama kando kabisa ya ubao, karibu na ukuta, utazame uso wake kwa mshazari huku mwanga wa dirisha ukiupiga. Ubao mzima hung'aa sawasawa kutoka pembe hadi pembe. Ubao uliochoka huonyesha mistari myembamba ya mviringo, njia ya mkono wa aliyesugua, na ndani ya kila mstari kuna wino uliojificha. Sehemu kubwa ya mikwaruzo hiyo wala haikuletwa na stilwaya. Wakati wa kiangazi trekta za miwa zikipita kwenye barabara za murram, vumbi huingia madirishani na kutua kwenye ubao, na asubuhi dasta kavu huliburuta vumbi hilo juu ya uso wa ubao kabla somo la kwanza halijaanza. Kitambaa chenye unyevu kidogo, kikipita mara moja kila asubuhi, kinarefusha maisha ya ubao kuliko dawa yoyote nitakayoitaja hapa. Gharama yake ni kikombe cha maji.

Njia ya kwanza ya kutoa doa iko tayari mkononi mwa mwalimu. Chukua maka ya ubao, iwe mbichi na yenye wino wa kutosha, upite juu ya mstari wa zamani hadi ufunikwe wote. Futa wakati wino bado umelowa, kwa kitambaa kikavu cha pamba. Fulana iliyochakaa inafaa kuliko dasta, kwa sababu dasta ikishajaa wino huupaka upya. Ukitazama kwa karibu utaona mstari wa zamani ukipoteza mng'ao wake, ukilegea, ukichanganyika na wino mpya, kisha vyote viwili vikiondoka pamoja na kuacha alama nzito kwenye kitambaa. Alkoholi iliyomo ndani ya maka ya ubao ndiyo imefanya kazi hiyo, na ule utelezi umezuia gundi kushika tena. Mstari mkaidi hutaka kurudiwa mara mbili au tatu.

Watu huiita njia ya bure. Kwa neno moja au tarehe moja, kweli gharama yake haifai hata kuhesabiwa. Ila maka ya ubao ya kawaida huuzwa shilingi 40 hadi 70, na zile za majina makubwa hupita 100. Ukijaribu kufuta jedwali zima la futi nane kwa maka, utamaliza kalamu moja na pengine kuanza ya pili, na mwalimu wa somo linalofuata atakosa cha kuandikia. Kwa doa dogo, anza hapa. Doa likizidi ukubwa wa ukurasa wa daftari, nenda duka la dawa.

Spiriti ya kidonda ndiyo chaguo langu kwa shule ya Ndhiwa, na sababu ya kwanza ni kwamba haihitaji safari. Kila kituo chenye maduka kina kemisti, na kila kemisti ana chupa hiyo. Mazungumzo dukani huwa mafupi:

"Daktari, naomba spiriti."

"Ya kidonda, mwalimu?"

"Ya ubao. Wameandika kwa maka ya kudumu."

"Basi chukua hii ndogo, itatosha. Uifungie, watoto wasiifikie."

Chupa ya mililita 100 ni kati ya shilingi 50 na 100. Tuseme 80. Doa la ukubwa wa ukurasa wa daftari hutaka vijiko viwili vya chai, kama mililita 10, ambazo ni shilingi nane. Ubao wote wa futi nane uliochorwa mistari ya jedwali utakula nusu chupa au zaidi kidogo, yaani shilingi 40 hadi 60. Hapo spiriti inaishinda maka kwa bei na kwa muda. Lowesha kitambaa, usimwage kwenye ubao, kwa sababu kimiminika hupenya chini ya fremu na kuufanya ubao wa melamini uvimbe pembeni. Bandika kitambaa juu ya doa kwa sekunde chache gundi ilegee, halafu futa ukielekea ndani ya doa. Ukifuta kuelekea nje utatandaza wino na kuongeza kazi. Geuza kitambaa mara kwa mara upande ulio safi.

Kuna aina za spiriti ya kidonda ambazo hutiwa mafuta ya nyonyo ili zisikaushe ngozi ya mgonjwa. Ngozi ya mgonjwa hufaidika, lakini ubao hubaki na utando wa mafuta na maka haiandiki vizuri juu yake. Dawa yake ni maji yenye tone la sabuni ya maji, kisha kitambaa kikavu. Hatua hii ndogo huachwa na wengi, halafu husema spiriti imeharibu ubao.

Ninayo furaha ya pekee kuitaja alkoholi hii katika eneo la miwa. Kenya hutengeneza ethanoli kutokana na molasi, mabaki mazito yanayobaki sukari ikishatolewa. Viwanda vya Muhoroni na Kisumu hufanya kazi hiyo. Mkulima wa Ndhiwa anayepeleka miwa kiwandani anaanzisha mnyororo ambao mwisho wake mmoja ni sukari ya chai, na mwingine ni chupa iliyo kwenye rafu ya kemisti. Hilo lisimfanye mtu afikirie kuleta chang'aa darasani. Nguvu yake haijulikani, ina maji mengi na mafuta yake machafu, na hakuna mzazi atakayeelewa harufu hiyo ikitoka kwenye nguo za mtoto.

Sanitaiza inastahili kutajwa kwa sababu baadhi ya shule huenda bado zina mitungi iliyobaki tangu masomo yaliporejea Oktoba 2020 na Januari 2021. Mapishi ya Shirika la Afya Duniani ya wakati ule yalitaka ethanoli asilimia 80 au alkoholi ya isopropili asilimia 75, na gliserini kidogo kulinda ngozi. Nguvu hiyo inatosha kabisa kuyeyusha wino wa maka. Sanitaiza ya majimaji hufanya kazi karibu sawa na spiriti. Ile ya jeli huteremka polepole, jambo linalosaidia kwenye ubao uliosimama, ila huacha utando unaonata ambao lazima uoshwe. Iliyopitwa na wakati bado inafaa kwa ubao ikiwa chupa ilifungwa vizuri. Ikiwa ilikaa wazi, alkoholi imeshapaa. Jipake tone kiganjani: ikikauka upesi na kukupa ubaridi, bado ina nguvu, ikibaki majimaji, usihangaike nayo. Kama mnayo stoo, itumieni kabla ya kununua chochote. Kama hamna, sioni sababu ya kwenda kuinunua, kwa kuwa mililita 500 hugharimu shilingi 250 hadi 350 na spiriti ndogo ya kemisti itamaliza kazi ileile.

Spiriti ya methileti ya duka la vifaa vya ujenzi ni nafuu zaidi kwa kipimo. Nusu lita huenda shilingi 200 au 250, yaani senti 40 hadi 50 kwa mililita, dhidi ya senti 80 za spiriti ya kidonda. Kwa shule yenye madarasa kumi na mbao zilizochafuka kote, bei hiyo inavutia. Mimi ningeinunua kwa shingo upande, na ningeikabidhi kwa bursa iwekwe chini ya kufuli. Methileti hutiwa methanoli, ambayo ni sumu ya macho na ya uhai. Mei 2014 pombe iliyochanganywa na methanoli iliua makumi ya watu Embu, Kiambu na kaunti nyingine, na baadhi ya walionusurika wakapoteza macho. Chupa isiyo na jina ikiachwa kwenye kabati la darasa ni hatari ambayo akiba ya senti 30 au 40 haiilipi. Ikinunuliwa, ibaki kwenye chupa yake yenye maandishi, isihamishiwe kwenye chupa ya soda au ya maji hata kwa saa moja.

Remuva ya kyuteksi ni ghali kwa kipimo, na ni kali. Kichupa cha mililita 50 ni shilingi 60 hadi 100, yaani shilingi moja na zaidi kwa mililita. Nyingi zina asetoni, na asetoni hula zaidi ya wino. Juu ya kioo au chuma cha kauri haina madhara. Juu ya fomaika, ikipita haraka, kwa kawaida huwa salama. Juu ya bati lililopakwa rangi, juu ya melamini ya bei ya chini, na juu ya ukuta wa rangi ya mafuta, hulainisha uso wenyewe: kitambaa huanza kutoka na weupe, na huo weupe ni ubao wako. Nawashauri akina dada wanaoitoa pochini kwa moyo wa kusaidia wasifanye hivyo hadi wajue wanashughulika na uso gani, wajaribu kwanza pembeni, chini kabisa, mahali pasipoandikwa.

Isopropili ya asilimia 99, wanayotumia mafundi wa simu, ndiyo safi kuliko zote. Haiachi mafuta wala kunata. Nusu lita ni kama shilingi 400 hadi 600, na mara nyingi utaifuata Homa Bay au uiagize mtandaoni. Ongeza nauli ya kwenda na kurudi, na bei ya kufuta doa moja inakuwa kichekesho. Inafaa kwa taasisi yenye mbao nyingi na fundi anayekwenda mjini kwa shughuli nyingine.

Na hapa kuna matumizi ya maka ya kudumu ambayo hayana kosa lolote. Katika zahanati na vituo vya afya ubao mweupe ukutani huwa na jedwali: miezi juu, huduma kando, na tarakimu zinazobadilika kila mwisho wa mwezi. Mistari huchorwa makusudi kwa maka ya kudumu ili tarakimu zifutwe na jedwali libaki. Ndhiwa ni mahali ambapo tarakimu za namna hiyo zina maana nzito. Utafiti wa mwaka 2012 wa Madaktari Wasio na Mipaka ulikuta takriban asilimia 24 ya watu wazima wakiishi na virusi vya ukimwi, na kazi kubwa ya kupima na kutibu imefanyika tangu hapo. Shida huja wizara inapobadilisha fomu. Safu zinaongezeka, majina ya huduma yanageuka, na mistari iliyochorwa miaka iliyopita haikubaliani tena na kinachotakiwa. Muuguzi mwenye foleni mlangoni hana muda wa kupambana nayo.

Kwa jedwali la namna hiyo kuna chaguo bora tangu mwanzo, na ningependa kila kituo kilifahamu: tepu nyeusi ya fundi wa stima, iliyokatwa kwa wembe iwe nyembamba. Roli moja ni shilingi 50 hivi na hutosha ubao mzima. Mistari yake hunyooka kuliko ya mkono, haifutiki kwa dasta, na siku ya kubadilisha hubanduliwa kwa kucha. Gundi kidogo inayobaki hutoka kwa spiriti. Wakati wa kufuta jedwali la zamani, nakili tarakimu au uzipige picha kwanza, na ikiwa kuna jina la mgonjwa mahali popote, liondoke kabla ya mtu wa nje kuitwa kusaidia.

Sasa vitu vya kuviacha. Thina ya rangi, shilingi 150 kwa nusu lita, hutoa doa kwa mpito mmoja na hutoa ngozi ya ubao kwa mpito wa pili. Mvuke wake katika darasa lililojaa huumiza kichwa. Petroli isifike darasani kwa sababu yoyote. Mafuta ya taa hayaiyeyushi gundi ya maka vizuri, na huacha mafuta ambayo maka mpya haiwezi kuandika juu yake. Jivu, mchanga laini, unga wa kusugulia na sponji ya kijani vyote hukwaruza. Dawa ya meno hupendwa sana, kwa kuwa ipo kila bweni, na hutoa wino kweli. Inautoa kwa chembe zake za kusugua, zilizotengenezwa kwa ajili ya meno, yaliyo magumu kuliko plastiki ya melamini. Mara ya kwanza utafurahi. Baada ya mara kadhaa sehemu ile itakuwa butu, na hata wino wa maka ya ubao utaanza kung'ang'ania hapo.

Jik nimeiacha mwisho kwa sababu ndiyo inayonitia wasiwasi. Huondoa rangi ya nguo, kwa hiyo watu hudhani itaondoa na wino. Gundi ya maka haiijali. Akishindwa, mtu huongeza spiriti juu ya ubao uleule ambao bado umelowa Jik. Jik ikikutana na spiriti au na remuva ya asetoni hutoa kemikali zenye sumu, klorofomu ikiwa mojawapo. Yeyote aliyekwisha kujaribu Jik aoshe ubao kwa maji mengi, aukaushe, afungue madirisha, ndipo aguse chupa nyingine. Na alkoholi ya aina yoyote hushika moto kwa urahisi katika joto la kawaida la huku kwetu: pasiwe na jiko, mshumaa, taa ya kibatari wala kichomeo cha maabara karibu, na kitambaa kilicholowa kianikwe nje kikauke kabla ya kutupwa.

Kuna mbao ambazo hazitapona. Ukifuta kwa spiriti na kivuli cha maandishi kikabaki, na ule mtazamo wa mshazari ukakuonyesha mikwaruzo kila mahali, wino umeingia ndani ya uso na hakuna chupa itakayoufuata huko. Wengine hupaka waksi ya gari, ya shilingi 300 au zaidi, ili kuziba mikwaruzo. Husaidia kwa wiki kadhaa halafu hurudi palepale, na kwa pesa hizo sioni faida kwa shule. Ningekwenda moja kwa moja kwa fundi wa mbao. Shiti ya fomaika nyeupe inayong'aa, futi nane kwa nne, huuzwa takriban shilingi 2,000 hadi 3,500. Ongeza gundi na kibarua cha fundi, na unapata uso mpya juu ya ubao wa zamani, fremu ileile, kwa bei ya chini kuliko ubao mpya mkubwa. Chagua fomaika laini isiyo na vinyweleo. Ile yenye mchoro wa mbao au uso wa matuta hukaa na wino. Ukuta wa rangi ya mafuta uliochakaa unaweza kupigwa rangi tena, lakini uachwe siku nyingi ukauke kabisa kabla ya kuandikiwa, la sivyo utakula wino tangu siku ya kwanza.

Kuhusu maka zenyewe, mkanganyiko huanzia dukani. Kampuni hiyohiyo hutengeneza maka ya ubao na ya kudumu, kwa umbo moja na kifuniko cha rangi moja, na muuzaji huzichanganya kwenye kopo moja kando ya mizani. Soma mwilini mwa kalamu kabla ya kulipa: whiteboard ni ya ubao, permanent ni ya katoni na magunia. Ikiwa maandishi yamefutika, andika mstari mfupi juu ya kifuniko cha plastiki ulichonacho na uupanguse kwa kidole baada ya kukauka. Shuleni, maka za kudumu zikae kwa bursa au stoo, zifungwe tepu nyekundu shingoni, na anayezihitaji kwa katoni za vitabu aziombe. Tepu hiyo ni ya shilingi 50 na itatosha kwa miaka.

Ikiwa hatimaye ni lazima kununua ubao, nenda na sumaku na maka yako mwenyewe. Wa bati kwa bei iliyo juu kidogo ya melamini huwa na thamani zaidi kwa darasa linaloandikiwa kutwa, kwa kuwa unavumilia spiriti bila kuvimba. Mwombe muuzaji ruhusa uchore mstari kwenye pembe kwa maka ya ubao, uzungumze naye bei huku ukikauka, kisha uufute kwa kidole kikavu. Ukiacha kivuli ubao ukiwa bado mpya, usiuchukue. Ukiuchukua, mwambie aandike kwenye risiti kama uso ni melamini, bati au kauri, na risiti hiyo ibandikwe nyuma ya ubao kabla ya kutundikwa, ili atakayekuja kufuta doa miaka mitatu baadaye ajue anaweza kutumia nini.